Mwonja Chumvi wa Kambi ya Mtanda

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu! Itikieni vizuri, maana leo sikuja kunong'ona. Nimekuja na furaha, na furaha ikikaa kifuani muda mrefu inawasha.

Wengi mnanifahamu kwa jina la Mama Roza, yule Mmakonde wa ng'ambo aliyepanga chumba hapa Mtanda. Nilivuka Ruvuma na wanangu wawili, Rozalina na mdogo wake Tome, baada ya vita kuchoma kijiji chetu na kumchukua baba yao. Njiani tulilala kwa watu. Watu wema, lakini nao hawana kitu. Kwenye nyumba moja tulikaa mpaka unga ukaisha, na mwenye nyumba akatuambia kwa upole kwamba sasa tusogee mbele. Simlaumu. Hata mimi ningesema hivyohivyo.

Hapa Lindi nikapata kibarua cha kuvuna na kupepeta ufuta. Shule zikiwa wazi nilipumua, kwa sababu watoto walikunywa uji shuleni. Likizo ndiyo ilikuwa adui yangu! Wenzangu wakitaja likizo, mimi nilisikia njaa. Nilikuwa nawaacha chumbani na muhogo wa kuchemsha, naenda shamba huku moyo umebaki mlangoni.

Ndipo kanisa likatangaza kambi ya likizo kwa watoto wa wageni kama sisi. Bure! Uji asubuhi, wali mchana, michezo, nyimbo na kusoma. Nilipiga kigelegele palepale kwenye benchi, mzee wa kanisa akageuka kunitazama. Mpishi alikuwa jirani yetu Bi Somoe, mama wa Kimwera, Mwislamu wa swala tano, na kuku wote aliwachinja mumewe ili watoto wa dini zote wale bila wasiwasi.

Tome hakuwa na shida. Tome alikula mpaka tumbo likawa linamtangulia. Lakini Rozalina, kila sahani ikimfikia, alisema kwa adabu kwamba ameshiba. Walimu wakamsifu kuwa ana malezi. Nami kichwa kikavimba, maana ni mimi niliyemfundisha asiwe mlafi kwa watu. Kumbe mtoto anakauka! Siku moja alianguka akiruka kamba. Wakaniita, nikaja mbio na vumbi la ufuta kichwani.

Zahanati walisema hana ugonjwa, ana njaa. Njaa, mbele ya masufuria yale! Nililia sana. Nikaamua kuwarudisha wote chumbani, bora nimlishe mwenyewe hata kama ni muhogo. Nikamuuliza kwa nini hali. Akatazama chini.

"Mama, tukiwamalizia chakula, watatuambia tusogee mbele."

Ndugu zangu, nilikuwa namshukuru Mungu kwamba tumefika salama. Sikujua kwamba mwanangu bado yuko njiani.

Nikamweleza, haikusaidia. Mwalimu akamweleza. Mchungaji akaomba naye, akaitikia amina, na sahani akairudisha. Bi Somoe hakumweleza kitu, ila alinisihi nimlete siku moja tu nyingine. Siku hiyo alikuwa analipa funga zake za Ramadhani, na aliyefunga haonji mchuzi. Akamwita Rozalina jikoni.

"Mjukuu wangu, mie nimefunga. Nionjee chumvi, nisije nikafedheheka kwa watu."

Akamdondoshea mchuzi kiganjani. Mtoto akaramba, akafikiri, akasema bado haijakolea. Bi Somoe akaongeza chumvi, akamdondoshea tena. Kisha wali, kisha maharage, kisha kipande cha kuku, maana na kuku lazima ajulikane kama ameiva! Mgeni anaweza kukataa sahani, lakini aliyepewa kazi ya jikoni ataikataaje? Bwana alimtumia mama aliyefunga kumlisha mwanangu!

Hata siku ambazo Bi Somoe hakufunga, alimwita aonje. Mashavu yakarudi, na sauti ikarudi, akawa anawagombeza wenzake wanaomwaga uji. Siku ya mwisho wazazi tulialikwa kula. Mimi nilisimama karibu na mlango, tayari kuchukua watoto na kuondoka, nisije nikawapunguzia watu chakula. Rozalina akaja na sahani imejaa, akanishika mkono mbele ya kila mtu.

"Kaa, mama. Hapa hatuondoki."

Nikakaa. Nikala huku nalia, nikaongezewa, nikala tena. Namshukuru Mungu, nawashukuru ninyi, na Bi Somoe Mungu amjalie afya.

Ndugu yangu, likizo nyingine inakuja. Kama umemwacha mtoto ndani na muhogo wa baridi kwa kuogopa kuwa mzigo, mwamini Mungu, na mwamini pia jirani anayekupa chakula. Mlete mtoto, na wewe mwenyewe usiishie mlangoni. Ingia ukae.