Mzee Josaphat na Malkia Aliyeachwa Majini

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni 2017, Mzee Josaphat Bigirindavyi anastaafu baada ya kulitumikia jumba letu la sanaa hapa Toronto kwa miaka kumi na sita.

Alitoka Bujumbura akiwa seremala. Hapa alianza kwa usafi, kisha akaingia kikosi cha wabebaji wa picha pamoja na Mohsin Virani, mzaliwa wa Mwanza. Walizungumza Kiswahili kutwa, kila mmoja akidai kwamba cha mwenzake kimepinda.

Picha waliyoipenda kuliko zote ilikuwa ndogo, ya rangi ya mafuta juu ya ubao, iliyochorwa karne ya kumi na saba kama jaribio la mchoro mkubwa wa kutukuza maisha ya malkia mmoja. Malkia anapaa mawinguni, malaika wanamvisha taji, na chini ya gari lake la kukokotwa wamelala watu waliokanyagwa. Kila asubuhi Josaphat alimwamkia: "Bonjour, Mama Malkia." Mohsin alijibu kwa sauti nyembamba kwamba leo malkia hapokei wageni.

Julai 2013 mvua kubwa ililifurikisha jiji, maji yakajaa katika ghala letu la chini. Wawili hao walishuka kuokoa picha. Wakiwa wanapanda ngazi, Josaphat amembeba malkia, Mohsin aliteleza nyuma yake, akagonga kichwa na kuzama. Josaphat aliiachia picha. Alimvuta mwenzake hadi juu huku akimwita jina. Mohsin alifia hospitali bila kuzinduka.

Ubao ulivimba, rangi ikabanduka, na uso wa malkia ukapotea kabisa. Kwenye kikao cha uchunguzi, mkurugenzi wa wakati ule alimuuliza Josaphat kwa nini hakuiweka picha pakavu kwanza.

"Malkia alishakufa zamani," alisema. "Mohsin alikuwa bado anapumua."

"Lakini hukumwokoa."

"Ndiyo. Sikumwokoa."

Alipewa onyo. Baadaye lilifutwa, ila hakuna aliyemwomba radhi.

Alibaki kazini. Kuanzia majira ya baridi ya mwaka ule, kila Jumapili baada ya misa alipanda basi kutoka mtaani kwake Crescent Town hadi Agincourt, kwa Rashida, mjane wa Mohsin. "Mwanzoni sikutaka hata kumwona," Rashida ametuambia. "Nilimfungia mlango. Akaondoa theluji pale nje, akaenda zake. Wiki iliyofuata akarudi."

Leo kanuni yetu inasema maji yakiingia ghalani, watu watoke kwanza. Ni yeye aliyeidai, kikao baada ya kikao, hata pale wakubwa walipochoka kumsikiliza.

Tulimuuliza angependa tuandike nini hapa. "Msinitaje peke yangu," alisema. "Tulikuwa wawili."

Basi tunawashukuru wote wawili. Mzee Josaphat, nenda ukapumzike. Tunakuombea miaka mingi yenye afya, na usingizi mtulivu.

Tazmin, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako