Gorogoro ya Kuuzia

Maryanne: Haloo? Nani mwenzangu?

Seline: Maryanne! Ni mimi mamako. Hii ni simu ya Nasike, yule jirani wa kukaanga samaki. Yangu imezima.

Maryanne: Mama! Habari ya Luanda Kotieno?

Seline: Tuko tu. Umekula?

Maryanne: Nimekunywa chai. Mama, niko Kisumu, kwenye korido, nangoja kuitwa. Ni ile intavyu ya uprofesa.

Seline: Najua. Ndio maana nimepi—

Maryanne: Wahojaji wako sita mle ndani! Nimeandika makala kumi na tisa, lakini wanayoitaka ni moja tu, ile ya kompyuta kukadiria uzito wa omena, dagaa wetu hawa, kwa picha. Imenukuliwa mara mia nne na kumi na mbili! Zile zingine zote ukijumlisha hazifiki sitini.

Seline: Kunukuliwa ndio nini?

Maryanne: Watafiti wengine wanajenga kazi yao juu ya yangu. Mwanza, Jinja, mpaka ng'ambo.

Seline: Mia nne... Uwi.

Maryanne: Mbona unaugua? Si upige vigelegele!

Seline: Hebu niambie tena. Hiyo kompyuta ilijua aje uzito?

Maryanne: Saa hii, Mama? Haya. Mwanafunzi wangu alipima omena kwa gorogoro yako, ule mkebe wa kupimia, akamwaga kwenye wavu, akapiga picha. Gorogoro tano, kumi, ishirini. Kompyuta ikajifunza kwamba rundo likiwa hivi, uzito ni huu.

Seline: Na mizani?

Maryanne: Tulipima gorogoro moja huku maabara, mpya kabisa, tukazidisha. Gorogoro si ni gorogoro—

Seline: Wewe, mtoto wa soko, unasema hivyo?

[Mtandao unakwaruza.]

Maryanne: Mama. Usiniambie.

Seline: Niko na mbili. Ya kununulia ni nzima. Ya kuuzia, fundi aligonga kitako kikaingia ndani, vidole vitatu hivi, ibebe kidogo. Wengi hapa ufuoni wanayo.

Maryanne: Na mwanafunzi wangu ulimpa—

Seline: Ya kuuzia. Ile nzima nilikuwa nanunua nayo asubuhi hiyo. Nilidhani ni ya picha tu, jamani! Sikujua ni ya hesabu.

Maryanne: Miaka minne! Miaka minne, Mama!

Seline: Sikujua! Juzi Nasike ndiye amenisomea ile makala ulinitumia, akanitafsiria. Pale mwisho mmeandika asante kwa Seline Odongo kwa gorogoro yake. Tangu hapo chakula hakipiti.

Maryanne: Mungu wangu. Kila rundo ni jepesi kuliko nilivyoandika. Yote imeharibika. Na hao wa Mwanza, hao wa Jinja, wote wamelishwa uongo wangu.

Seline: Wangu.

Maryanne: Umemwambia nani mwingine?

Seline: Kwa nini?

Maryanne: Nasike asiseme. Wewe pia. Nipite hapa kwanza, halafu nitarekebisha polepole. Hakuna atakayejua.

Seline: Nyathina, mwanangu.

Maryanne: Mama, nimengoja miaka kumi na moja!

Seline: Hivyo hivyo ndivyo nilimwambia yule fundi. Usiseme. Ulikuwa umefukuzwa shule, hauna uniform. Nikajiambia nikimaliza kukusomesha nitaigonga irudi. Sikurudisha.

Maryanne: Usinililie, tafadhali. Nikisema, lazima nieleze kosa lilitoka wapi. Jina lako limo mle. Ufuo mzima utajua!

Seline: Wanajua.

Maryanne: Nani?

Seline: Wateja wangu. Nimewaambia leo asubuhi, nikawaonyesha kitako. Nabututu amebeba beseni yake akaenda, hata kuniaga hakuniaga. Wengine wamenitusi. Dorca peke yake ndiye amebaki, na hata yeye hanitazami.

Maryanne: Mama! Kwa nini hukunipigia kwanza?

Seline: Ungenikataza.

[Sauti ya mlango.]

Maryanne: Naitwa. Mama, naogopa.

Seline: Hata mimi niliogopa. Taja jina langu, usilifiche. Kredo ya mwenyewe inaisha, Nasike ananiangalia vibaya. Maryanne, uki—

Maryanne: Mama? Haloo? Mama?

[Simu imekatika.]

Maryanne: Naja, dada. Samahani. Mwambie mwenyekiti asianze na maswali. Kuna kitu mimi nataka kusema kwanza.