Mlango Usio na Bango

Ndugu waombolezaji, majirani na marafiki, mimi ni kitinda mimba wa nyumba hii, na ukoo umenikabidhi kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimwita Brashi, jina aliloliitikia haraka kuliko lile alilopewa na wazazi.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya watano, baba akiwa seremala na mama muuza mboga, akaanza shule ya msingi mwaka 1969 na kumaliza 1975, akiwa na alama za kawaida katika kila somo isipokuwa mwandiko, ambao ulikuwa mzuri hata walimu wakamtuma aandike ubaoni badala yao. Mwaka 1977 aliingia karakana ya mabango kujifunza kazi, na 1983 akafungua ya kwake, chumba kimoja kinachonuka rangi na tapentaini, na maduka mengi ya mtaa huu mpaka leo mnayasoma kwa mkono wake. Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na wifi yangu, mshonaji, wakajaliwa mtoto wa kiume mmoja na wa kike wawili.

Sasa nimefika mahali ambapo wasomaji wengi hukohoa na kugeuza ukurasa. Kaka alikunywa pombe, tena hakuwa mtu wa kuonja, alikunywa mpaka mkono ukawa unatetemeka asubuhi na herufi zikapinda, wateja wakahama, na Januari 2003 wifi akachukua watoto akarudi kwao, akimwambia kwamba ahadi zake amezichoka, anachotaka ni kusikia ameketi na watu wanaoujua ugonjwa wake.

Akasikia kwamba kila Jumanne jioni, katika ukumbi ulio nyuma ya zahanati, hukutana watu wanaosaidiana kuacha pombe, akaenda, akakuta korido yenye milango minne, na fundi mabango mzima hakuona bango hata moja, na kwa kuwa aliona haya kuuliza, akaingia penye mlango ulio wazi, akaketi. Kile kilikuwa kikundi cha wagonjwa wa kisukari. Walimkaribisha vizuri mno, wakamfundisha kukagua nyayo zake kila siku, akashindwa namna ya kuondoka bila kuonekana, akarudi wiki ya pili na ya tatu, akaacha kabisa kutia sukari kwenye chai, pombe akaendelea nayo. Muuguzi aliyempima ndiye aliyeona sukari yake haina tatizo lolote, akamvuta pembeni, akamuuliza taratibu kilichomleta, kaka akalia kama mtoto, na muuguzi akamshika mkono akamvusha korido mpaka mlango wa pili, kwa wale wanaosaidiana kuacha pombe.

Nisiwadanganye kwamba kuanzia hapo mambo yalinyooka. Alianguka mara mbili, na mara ya pili akajifungia karakanani kwa aibu, mpaka dereva wa lori wa kikundi kile alipokuja kugonga, akisema hakuja kuhubiri, amekuja kumchukua kwa sababu ni Jumanne. Tangu tarehe 17 Agosti 2004 kaka hakugusa tena. Wifi, akijua kwamba maneno matupu hayavunji mfupa, alikuja mwenyewe kutazama, akatazama sana, kisha akarudi na watoto.

Alipopata nguvu aliwaomba wenzake awachoree bango kubwa la mlangoni, wakamkatalia, wakisema mwenye aibu akiliona atapita moja kwa moja. Alinuna, kama ilivyo desturi yake. Baadaye akaanza kuwahi ukumbini na kutoa viti vyote nje kwenye korido, na akimwona mtu anapita mara ya pili akijifanya anatafuta choo, hakumuuliza chochote, alimwomba tu amsaidie kuingiza viti, na mtu akishaingia na kiti mkononi, kukaa si kazi tena. Wengi waliingia kwa njia hiyo.

Machi 2022 aliugua, hospitali ikagundua saratani ya ini, na daktari hakuficha kwamba pombe ya zamani ilichangia, ila alisema pia kwamba asingeacha tungemzika kitambo, kabla hajawaoza binti zake na kuwabeba wajukuu. Akiwa kitandani aliniambia kwamba enzi za ulevi hakuogopa kufa, aliogopa kwamba atakayesoma historia yake atalazimika kudanganya mbele ya watoto wake, akaniomba nisome yote. Alifariki mchana wa tarehe 9 Juni 2022, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliolala hapa nasi, mafundi mabango wenzake, na kikundi cha kisukari, kilichomlea wiki tatu bila kumdai ugonjwa. Nanyi wenzake wa Jumanne, najua mmeketi humu katikati yetu, sitawataja wala sitawaomba msimame, ila watoto hawa watatu wamenituma niwaambie asanteni kwa kuwarudishia baba.

Kaka, nimesoma yote, watoto wako wamesikia, na hakuna aliyeinamisha kichwa. Pumzika kwa amani.