Dengu kwa Mtakatifu, Dua kwa Muuza Duka

Mniwie radhi mapema. Kisa hiki nilisimuliwa na mtu mwenye kipaji, kikapendeza. Mimi nitakiharibu, na kikishaharibika mlaumuni shetani, kama walivyofanya wenyewe pale kwenye benchi la mtaa wa Shubra. Benchi hilo lina miguu mitatu na tofali, na liko nje ya mkahawa, chini kabisa ya roshani ya Nagat wa ghorofa ya tatu. Alasiri ile, siku tisa kabla ya Pasaka, walikuwa wameketi wawili: Labib, aitwaye Inspekta kwa kuwa alikagua tiketi za tramu miaka thelathini na hadi leo hamwamini mtu, na Fayez fundi cherehani, aitwaye Nabii kwa kuwa hutabiri mambo ya jana. Mara akatokea Makram, mbio, kashika kichwa. Huyu ndiye Kengele, au Baba Yustina kwa jina la bintiye, mwimbaji wa kanisani, mwenye sauti ya kuwaamsha mashahidi waliolala tangu zama za Warumi. Mkewe Ragaa alikuwa amehamia hapo juu kwa dada yake Nagat, siku ya nne sasa, na ameapa harudi.

— Nimekwisha! Nimempelekea mtakatifu dengu!

— Kaa kwanza, Kengele, akasema Inspekta. Mbichi au za kupikwa?

— Karatasi, bwana! Nilikuwa na karatasi mbili. Moja dua, ya kuweka chini ya kitambaa cha masalia ya mtakatifu. Nyingine ya dukani. Dua niliikunja mara mbili, ya dukani mara tatu. Nikaingia kanisani, nikaisukuma moja. Nikapita dukani, nikamwachia Mama Karas ya pili. Nafika hapo kona ndipo nakumbuka: ile niliyomsukumia mtakatifu ilikuwa nene!

— Kwa hiyo Mama Karas ana dua yako, Nabii akahesabu kwa vidole, na mtakatifu ana...

— Dengu kilo mbili, vitunguu, tahini ya ufuta kopo moja, na sabuni ya unga.

— Sabuni! Inspekta akajipiga paja. Mtu wa watu kafa shahidi, kakatwa kichwa, wewe unamtuma sabuni!

— Si urudi ukaitoe?

— Shemasi kashazikusanya zote, Nabii. Jioni padri wetu, Abuna, anaziweka madhabahuni. Mimi namwomba Mungu anirudishie mke, huko juu inasomeka tahini!

Kahawa ikaletwa kwenye meza ndogo. Makram akaichukua ya Nabii bila kuangalia, akainywa.

— Huyo ni shetani kazibadilisha, akasema Nabii. Nilijua. Jana niliota mtu anavuka barabara.

— Shetani gani? Ni mtakatifu mwenyewe! Inspekta akasogea. Sisi tunafunga, na yeye anafunga. Kaona karatasi mbili mfukoni mwako: kwenye moja, mke wa mtu, kwenye nyingine, dengu. Wewe ungechagua ipi? Wahenga walisema, mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

— Shetani!

— Mtakatifu!

— Haya, na iwe mtakatifu, Nabii akapandisha suruali kama anayepanda mimbari. Yule kijana wa mikate mitano na samaki wawili, mnadhani alikuwa anakwenda mahubirini? Alitumwa dukani na mama yake! Njiani akapitia kwa Bwana, wakala watu elfu tano, na mama anangoja samaki wake mpaka leo. Sasa, dengu zako kilo mbili zikifika juu, zitaongezwa. Jumapili ya Matawi tutatoka kanisani Shubra nzima dengu mpaka magotini. Haba na haba hujaza kibaba.

— Na Ragaa?

— Atakuwa chini ya dengu. Tutamchimbua.

— Usimtishe mwenzako, akasema Inspekta. Sikiliza, Baba Yustina. Wale wanne waliomleta yule aliyepooza walitoboa paa la mtu, wakamteremsha kwa kamba. Nani aliliziba lile paa? Injili nzima nimeikagua, kimya! Lakini usipoziba ufa utajenga ukuta. Maana yake jibu lako litashuka kutoka juu, kwa kamba.

— Nabii ni mimi, Labib. Usinivamie kazi yangu.

Makram hakucheka. Siku nne hizi alikuwa akifanya mazoezi ya nyimbo za Juma Kuu sebuleni, kwa sauti yote, na hakuna aliyemfokea anyamaze. Alikuwa hajui kuwa mtu anaweza kukosa raha kwa kukosa kufokewa.

— Hebu, Inspekta akamtazama kwa jicho la tramu. Kosa lenyewe lilikuwa nini?

— Dogo. Abuna alikuja kutubarikia nyumba. Ragaa akamkaribisha kwa bajia za maharage. Mimi nikainua moja, nikasema, Abuna, jiwe la kaburi la Bwana lingekuwa hili, malaika angeomba msaidizi.

— Lo! Abuna akasemaje?

— Alicheka. Hapo ndipo nilipokosana na mke wangu. Abuna angenikaripia, mambo yangeisha.

Wakati huo akafika Mama Karas, muuza duka, aproni kiunoni, karatasi mkononi, akaisoma kwa sauti ya kutangazia wateja:

— “Ee Mtakatifu, nirudishie Ragaa kabla ya Pasaka. Mlainishe moyo, na ukiweza, na bajia zake.” Baba Yustina, nimetafuta rafu zote. Ragaa sina. Dengu ninazo.

— Polepole, mama! Wako hapo juu!

Makram akamnyang'anya karatasi, akaizika mfukoni.

— Ni shetani kazibadilisha, Nabii akamweleza.

— Mimi nauliza kitu kimoja tu, akasema Mama Karas. Yeye mwenyewe Ragaa umemwambia samahani?

Nabii akachungulia kikombe chake kitupu. Inspekta akaanza kukagua tofali.

— Kwa maneno ya kawaida? Makram akauliza. Nimewasha mishumaa kumi na miwili.

— Sikuuliza mishumaa.

Ndipo juu kapi ikalia kwiii, na kikapu cha Nagat, kile cha kuteremshia mboga, kikashuka kwa kamba, kitupu, kikasimama mbele ya pua ya Makram.

— Kwa kamba! Inspekta akasimama. Nilisemaje?

— Andika, Kengele! Andika! “Ragaa, nilikosa. Bajia zako ni laini kama...”

— Usiseme uongo ndani ya mfungo, Nabii.

Makram akaomba kalamu kwa Mama Karas, akajifuta jasho, akaandika peke yake: *Ragaa, nilikosa. Bajia zako ni ngumu, lakini nyumba bila wewe ni ngumu zaidi. Rudi unifokee.* Akaikunja mara mbili. Upepo ukakiyumbisha kikapu. Akaitia karatasi mfukoni, akakidaka kikapu kwa mikono miwili, akakituliza kama mwanakondoo, akatoa karatasi, akaitumbukiza. Kamba ikavutwa. Kikapu kikapaa. Mama Karas akajipangusa jicho kwa aproni.

Makram akatia mkono mfukoni kutafuta leso. Akakuta karatasi. Akaikunjua, akasoma “Ragaa, nilikosa”, akakaa chini taratibu.

— Vipi tena? akauliza Nabii.

Juu karatasi ikakunjuliwa, ikasomwa. Kisha kitu cha duara kikaruka kutoka roshanini, kikampata Makram katikati ya paji la uso, kikadunda mezani, kikavunja kikombe. Ilikuwa bajia. Yenyewe haikuvunjika.

Kapi ikalia tena. Kikapu kikaanza kushuka, polepole, kitupu.

— Shetani! Nabii akapiga kelele. Safari hii nimemwona kwa macho yangu!

Makram akainuka, karatasi ya msamaha mkononi, uvimbe ukimchomoza, akaelekea kwenye ngazi za kwa Nagat.

— Mwache shetani apumzike, Fayez. Yeye hana mfuko. Mfuko ni wangu.