Mnyororo wa Mama Filimbi

Mheshimiwa Meya, uliyekuja kwa gari ingawa bango la mlangoni linasema njoo na baiskeli. Mwenyekiti wa chama chetu cha matembezi. Ndugu wageni waalikwa. Wanachama wenzangu mliojibanza nyuma karibu na birika la chai. Na wewe mke wangu, uliyekaa mstari wa pili ili unichunge: hamjambo nyote.

Mimi, fundi baiskeli, ndiye mtu pekee mjini hapa aliyewahi kuizunguka ghuba yetu yote kwa siku moja: asubuhi kwa baiskeli, mchana kwa kayaki, kile kimtumbwi chembamba cha kasia, jioni kwa miguu hadi kileleni kwenye mnara wa taa, bila kupumzika hata mara moja.

Mke wangu ameanza kukohoa. Haya, nilipumzika. Na kilima chenyewe nilikipanda nimekalia magunia ya vitunguu, nyuma ya gari la mboga. Lakini ghuba niliizunguka, na aliyenizungusha ndiye tunayemuaga leo, kiongozi wetu wa misafara kwa miaka kumi na tisa, ambaye barua yake ya kutuacha iko pale mezani: Mama Filimbi.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo sifa sitazipamba, nitasema nilichokiona. Siku yangu ya kwanza nilikuja na tumbo hili na viatu vya harusini, na vijana wakataka kuniacha kwenye mwinuko wa kwanza. Mama Filimbi akapuliza filimbi, akanitoa mkiani akaniweka mbele kabisa, kisha akawaambia kwamba kuanzia siku ile mwendo wa msafara ni mwendo wa mtu wa mwisho, na asiyetaka akakimbie peke yake. Mnajua ni mateso gani, kijana mwenye baiskeli ya gia ishirini na moja kuyafuata makalio yangu kilomita kumi na mbili? Nani alinung'unika? Wote. Nani aliachwa? Hakuna.

Sasa kile kisa mnachokipenda. Miaka minane iliyopita tulifika ufukweni kwa baiskeli, kayaki ya watu wawili ikiwa mchangani, nasi tukataka kwanza kupanda kilima. Mtu mmoja mwenye akili nyingi akawaogopa wezi. Akapitisha mnyororo kwenye baiskeli zote kumi na moja, akauzungusha na kwenye kayaki, akapiga kufuli. Maji yalikuwa yamekupwa. Tuliporudi yalikuwa yamejaa. Kayaki inaelea, imetulia kama bata aliyeshiba, na chini yake baiskeli kumi na moja zimegeuka nanga. Mwizi hakuthubutu, hilo lazima tukubali. Wiki mbili nzima nilikuwa nakwangua chumvi kwenye maberingi ya magurudumu, na tangu hapo watoto wenu hawaniiti fundi, wananiita Mzee Nanga.

Ndugu zangu, ufunguo wa kufuli lile haukuwa mfukoni mwangu.

Mtazameni Mama Filimbi anavyojifanya kutafuta kitu mkobani. Siku ile alinivuta pembeni akaninong'oneza: "Kaka, wakijua ni mimi, nani atanifuata tena? Nibebee hili, nami nitakufanyia jambo moja, lolote utakaloniomba." Nikabeba. Miaka minane, na hata mke wangu nilimficha, jambo ambalo nadhani nitalieleza vizuri zaidi tukifika nyumbani.

Basi barua yake inasema goti limegoma, kwa hiyo haji tena kabisa, wala kilimani wala majini, kwa kuwa hataki kutuchelewesha. Kutuchelewesha? Na nani alitufundisha kuchelewa? Sheria ya mtu wa mwisho aliniwekea mimi. Leo imemfikia mwenyewe, anataka kuikimbia kwa goti moja? Nimemuuliza daktari wake. Amekataza kilima. Kukaa hakukataza, na kasia, Mheshimiwa, mtu hulipiga akiwa amekaa.

Nawashukuru kwa masikio yenu, na wewe Mheshimiwa nakushukuru kwa kutazama saa mara tatu tu. Nimebaki na neno kwa mtu mmoja.

Mama Filimbi, dada yangu, lile jambo langu moja naliomba leo, mbele ya mashahidi. Jumapili, maji yakijaa, kayaki ile ile. Wewe kaa mbele. Mnyororo tuuache nyumbani.