Kifuniko chenye Jina la Osward

Sogeeni, wanangu, na wewe Lusubilo zima hiyo redio, maana mimi Efraimu baba yenu leo sina sauti ya kushindana nayo. Atupele, usilie sasa. Ngoja usikie kwanza.

Nyumba hii ya Chapwa ni ya Atupele, na asije mtu wa ukoo akasema mtoto wa kike harithi, nitamsumbua hata nikiwa huko niendako. Shamba la kahawa la Mbozi mgawane sawa. Vifaa vyangu vya umeme ni vyako, Lusubilo, pamoja na masharti yake: chagua sanduku la breka la chuma, lenye nafasi mbili za ziada, kwa sababu mwenye nyumba haachi kuongeza vitu, jiko la umeme lipe laini yake peke yake, kaza kila skrubu, kisha rudi uikaze tena, na breka ikikatika usiigombeze, tafuta kilichoikata. Zile za bei chee zinazovushwa kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, waachie wenyewe, hata mteja akikununia. Unacheka, eti mzee na breka zake! Haya, cheka, kisha nisikilize.

Osward mnamjua kwa ubaya tu, na ni mimi niliyewafundisha kumchukia. Tulikuwa mafundi wawili tunaokula chungu kimoja, na desturi yetu ilikuwa kwamba anayegusa sanduku akwaruze jina lake kwa ncha ya bisibisi ndani ya kifuniko, ili pakitokea ubovu ajulikane wa kuulizwa. La nyumbani kwa Marta, mtaa wa pili kutoka hapa, alilifunga Osward, kazi safi kabisa, kwa fyuzi zile za zamani za waya. Mwaka tisini na saba nilikuwa napita, bibi Ruti, mama mkwe wa Marta, aliyekuwa hawezi tena kutembea, akaniita dirishani: fyuzi inakatika kila jiko likiwashwa, na Marta yuko sokoni. Nilikuwa na haraka, nilikuwa na kiburi. Badala ya kutafuta ubovu nikazungusha waya mnene wa shaba, usiokatika hata nyaya zikichemka, mahali pa fyuzi, nikafunika, jina sikuandika. Bibi akasema, “Mungu akubariki, mwanangu.”

Wiki ya tatu nyumba ikaungua, na bibi Ruti akafia chumbani mwake. Kifuniko kilipotolewa majivuni kilikuwa na jina moja, la Osward, na watu waliponiuliza mimi mwenzake nikajibu, “Si mnasoma wenyewe?” Aliyeniona siku ile alikuwa amekwisha kufa. Osward alinitazama tu. Alijua. Akanyimwa kazi mji mzima, akarudi kwao Nanyala, na mpaka leo anaziba pancha za baiskeli, fundi aliyenishinda mimi! Naona aibu, wanangu. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka kumi na saba, na mficha maradhi kifo humuumbua.

Kifuniko nilikiokota. Kimo kwenye gunia, chini ya kitanda hiki. Kitoe, Lusubilo. Nikishazikwa, msikae matanga siku ya pili kabla hamjakifikisha Nanyala, nyote wawili, na mumwombe Osward aende nanyi kwa Marta, mkaseme mbele yake na mbele ya majirani haya niliyosema. Wakiwatukana, nyamazeni, matusi ni yangu.

Sasa nipe bisibisi. Hapana, usiniandikie, nishike mkono tu. Chini ya jina lake... E... F... ngoja nipumue. R... Mungu awape mikono isiyo na haraka, wanangu, awape na watoto mtakaowaambia ukweli mapema kuliko mimi. A... kaza, Lusubilo, kaza mkono... Atupele, macho yangu hayaoni tena. Nisomee. Limetimia?