Meza Inayoyumba ya Mzee Pima Tena

Baada ya miaka thelathini na minne na miezi miwili katika karakana ya Kitivo chetu cha Uhandisi, fundi sanifu mkuu anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina lake kamili limo kwenye faili za utumishi. Sisi wengine tunamjua kama Mzee Pima Tena, kwa sababu hayo ndiyo maneno mawili ambayo kila mwanafunzi aliyepita mikononi mwake huyasikia hata usingizini.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba, kwa mujibu wa picha ya kitambulisho ambayo hatujaweza kuithibitisha. Tangu hapo amefundisha madarasa thelathini na manne kupiga tupa, kukereza na kuchomelea vyuma, na amemaliza ovaroli mbili tu. Mkewe ametudokeza kwamba nyumbani kwao kuna kabati ambalo mlango wake haujafungika tangu kifungua mimba wao azaliwe, maana fundi bado analipima.

Kazi ya kwanza ya mwaka wa kwanza ni kutengeneza nyundo ndogo kwa mkono, na karibu zote huharibika. Mzee hakubali zitupwe. Kila moja huifungia kibati chenye mwaka na namba ya mwanafunzi, akaitundika ukuta wa nyuma. Mwanafunzi mwenyewe haruhusiwi kuichukua mpaka ahitimu, apate kazi, kisha arudi Jumamosi moja kuwasimulia wanafunzi wapya jinsi alivyoiharibu. Chuo kilipounda kamati ya kuwaunganisha wahitimu na wanafunzi, Mzee tayari alikuwa na miaka kumi na tisa ya Jumamosi hizo. Tulimwona meneja mzima wa kiwanda, na suti yake na tai, akieleza kwa kigugumizi kwa nini tundu la mpini wa nyundo yake lilitokea ubavuni. Watatu kati ya waliomcheka siku ile walifanya mafunzo kwa vitendo kiwandani kwake, na leo ni wahandisi hukohuko.

Nyundo ya mwandishi wa wasifu huu, ambaye sasa ni mhadhiri hapa, imening'inia pale miaka kumi na mmoja. Kila anapopita, Mzee humuuliza mgonjwa wake wa ukutani anaendeleaje.

Mwezi Machi utani uliisha. Kamati nyingine ya chuo ilikuja kuamua kama karakana ifungwe Mzee akiondoka, chumba kijazwe kompyuta. Tuliogopa, tena sana. Yeye hakubembeleza mtu. Aliwaonyesha meza kubwa ya katikati, ile inayoyumba, ambayo miaka yote tumeiwekea kipande cha ubao chini ya mguu mmoja huku tukishangaa kwa nini fundi hodari hivi haitengenezi. Akakiri kwamba aliiunda mwenyewe wiki yake ya kwanza kazini. Alipima mara moja, akakata. Akasema kwenye kompyuta angelifuta kosa lile kwa kidole na kulisahau kabla ya chai, lakini meza ile imemkumbusha kila asubuhi. Mwenyekiti wa kamati, mhitimu wetu, alibaki akitazama ukutani, ilipo nyundo yake ambayo hajawahi kuijia.

Karakana inabaki. Sharti lilikuwa moja: apatikane mhadhiri wa kuisimamia, Jumamosi zikiwemo. Aliyejitolea ni yule mwenye mgonjwa wa miaka kumi na mmoja. Alidhani kwa ushujaa huo angekabidhiwa nyundo yake kimyakimya. Mzee alimwambia aje Jumamosi, kama watu wengine.

Mzee wetu, asante kwa mikono uliyoifundisha, ikiwemo hii inayoandika. Utatuachia upweke, na hilo tunalisema bila mzaha. Tunakuombea afya, mapumziko marefu na mlango wa kabati unaofungika. Ila ujue kwamba juzi, ulipokwenda kunywa chai, tuliufungia mguu mfupi wa meza kibati chenye mwaka wako wa kuajiriwa. Kanuni ni zako mwenyewe: meza hiyo huruhusiwi kuichukua mpaka urudi Jumamosi moja, usimame mbele ya wanafunzi wapya, uwasimulie.